Si kila taka ya shamba inatoa mushumaa

Wandugu, tangu nipate lisansi ya agronomia, kuna swali moja linanifuata: «Mugronome, maganda ya ndizi yanaweza kutoa mushumaa?» Jibu ni hapana, na inafaa kujua sababu mbele ya kutosha franga yako mfukoni.

Mushumaa unahitaji mafuta yenye kuganda. Moto unayeyusha nta, utambi unaivuta juu, inageuka mvuke, na ule mvuke ndio unawaka. Maganda ya ndizi na magunzi ya mahindi hayana mafuta ya kutosha. Hayo ni ya moto wa jikoni.

Huku kwetu Kivu ya Kusini, taka yenye kutoa mushumaa kweli ni masega ya nyuki. Wafugaji wengi wa mizinga ya kienyeji wakisha kukamua asali, masega wanatupa. Kumbe penye kilo 10 za asali ya mizinga ile, unaweza kupata karibu kilo 1 ya nta.

Kazi inaenda hivi:

1. Osha masega, funga ndani ya kitambaa, chemsha ndani ya maji kwa moto mdogo huku unakamua na fimbo. Sufuria iwe ya aluminiamu. Chuma inachafua rangi ya nta.

2. Acha ipoe usiku muzima. Nta itaganda juu ya maji. Kwaruza uchafu wa chini yake.

3. Yeyusha tena, lakini ndani ya kopo lililosimama kwenye maji ya moto. Digri 62 hadi 65 zinatosha. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya moto: nta ikiwaka, usimwange maji, funika tu.

4. Pasua mwanzi mara mbili, uloweshe, ufunge tena na kamba. Nyoosha utambi katikati, mwanga nta. Utambi uwe wa pamba, juu nailoni inayeyuka.

Kwa kuchemsha, tumia yale magunzi ya mahindi. Ukikata miti ili uyeyushe nta, unalinda mazingira gani?

Sasa tuseme ukweli wa soko. Mushumaa wa duka ni parafini, inatoka kwa petroli, na bei yake iko chini. Mama mwenye kutafuta mwangaza wakati courant imekatika hatalipa zaidi juu ya neno «ekolojia». Anza na paroasi: desturi ya zamani ya Kanisa Katoliki ni mishumaa ya nta ya nyuki. Kisha hoteli na wenye kununua zawadi. Na ukichanganya parafini, useme.

Mbele ya kununua kitu chochote, tembelea wafugaji watatu, uliza masega yao yanaenda wapi. Lakini usiyachukue bure. Siku watajua bei ya nta, watataka kuendelea na yule aliyewalipa tangu mwanzo.