Mpira wa propela wa BMW Z4: wapi utoe pesa, wapi ubane

Dalili ya kwanza huwa mlio. Unaweka gia, unaachia klachi, na chini ya sakafu, usawa wa kiwiko chako cha kushoto, kitu kinagonga mara moja: tok. Siku chache baadaye unakuja mtetemo gari linapochanganya, na ukiondoa mguu kwenye mafuta unapotea. Mwenye BMW Z4 ya kizazi cha kwanza, ile ya E85 iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2008, akipeleka malalamiko hayo gereji huweza kuambiwa gia boksi imekwisha, au difu imekufa, au propela nzima ing'olewe na kuwekwa nyingine. Kabla hujakubali lolote kati ya hayo, omba gari lipandishwe na uangaliwe mpira unaounga gia boksi na propela.

Ni kisahani kinene cha mpira chenye matundu sita. Bolti tatu zinashika upande wa gia boksi, tatu upande wa propela, zikipishana, ili chuma kisiguse chuma. Nguvu yote ya injini hupita kwenye mpira huo, na ndani yake kuna nyuzi imara zilizozungushwa kutoka bushi moja hadi nyingine. Nyuzi ndizo zinazovuta mzigo. Mpira unazishikilia na kumeza mshtuko. Ukiutafuta mtandaoni utaupata kwa jina la guibo au flex disc. E46, Z3 na BMW nyingine nyingi za miaka ile zinao pia, kwa hiyo mengi ninayosema hapa yanamhusu hata mwenye E46 ya milango miwili.

Kuukagua hakuhitaji kompyuta. Gari likiwa juu, ingiza mtaimbo mfupi kati ya mikono ya propela na usukume, huku taa ikimulika mpira. Mikwaruzo myembamba ya juujuu ni uzee wa kawaida. Ufa unaofunguka mdomo unaposukuma, hasa unaoanzia kwenye bushi, umeshaamua mambo: mpira haufai. Ukiona nyuzi zimechungulia nje, usiliendeshe gari hilo barabara kuu. Mpira ukikatika kwa kasi, mbele ya propela hubaki bila kitu cha kuishika sawasawa, ikapiga sakafu na mkia wa gia boksi, na mkia wa gia boksi ukipasuka unaingia kwenye hesabu nyingine kabisa. Na ukiukuta mpira umevimba na kulainika, mkosaji ni oili inayodondoka juu yake, ama kutoka sili ya nyuma ya gia boksi ama kutoka injini. Hapo uvujaji utibiwe kwanza, la sivyo mpira mpya utaoza vilevile.

Sasa pesa. Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa Marekani na Ulaya, na karibu yote yanahimiza mtu aifanye mwenyewe. Wana sababu. Kwao mpira wenyewe, wa kiwanda kizuri, huuzwa kwa takriban dola 60 hadi 100 kwenye maduka ya mtandaoni, lakini gereji hutoza saa mbili hadi tatu za kazi, na saa moja ya gereji ya magari ya Kijerumani inaweza kupita dola 150. Anayelala chini ya gari lake Jumamosi moja anaokoa dola mia kadhaa. Ushauri huo ukiuchukua ulivyo na kuuleta Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hesabu inageuka. Huku spea ndiyo ghali na mikono ya fundi ndiyo rahisi. Malipo ya kazi kwenye gereji ya mtaani hupangwa kwa maelewano na mara nyingi hayafiki bei ya mpira, ilhali mpira ukiagizwa unabeba nauli, ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara. Kwa hiyo swali la kujiuliza hapa si utaokoa kiasi gani ukifanya mwenyewe. Swali ni shilingi yako iende wapi ili kazi hii isirudiwe.

Jibu langu ni kwamba iende kwenye mpira. Gharama ya kuufikia ni ileile ukiweka mzuri au mbovu: eksozi itashushwa, bati la kuzuia joto litafunguliwa, propela itateremshwa. Mpira wa bei ya chini unaouzwa bila jina la kiwanda, ambao mtandaoni unaweza kuupata hata kwa dola 25, ukipasuka baada ya muda mfupi utakulazimu ulipe safari nzima upya, pamoja na mpira wa pili. Tofauti ya dola 50 mwanzoni inamezwa na kazi moja ya marudio.

Mizuri inajulikana. SGF ya Waldkraiburg, Bavaria, ni kiwanda ambacho kazi yake hasa ni mipira ya namna hii, na ndicho kinachowapa BMW na Mercedes. Ukinunua kwenye boksi la BMW unaweza kuwa unapata mpira wa SGF kwa bei ya juu zaidi. Ukinunua kwenye boksi la SGF, mara nyingine utakuta sehemu ya nembo ya BMW imesagwa. Usishtuke ukadhani umeuziwa bandia. Febi na Meyle, zote za Ujerumani, ni chaguo la pili linaloeleweka. Ukiwa dukani, iwe Gerezani au Kirinyaga Road, shika mpira mkononi: jina la kiwanda na namba viwe vimechomoza kwenye mpira wenyewe, si kwenye stika ya boksi tu, bushi za chuma ziwe zimekaa wima, na mpira usiwe na harufu kali ya gundi. Kabla ya yote mpe muuzaji tarakimu saba za mwisho za namba ya chesisi. Mipira hii hutofautiana kwa umbali wa matundu, kuna ya milimita 78 na ya milimita 96, na gari la manyuo si lazima litumie sawa na la otomatiki. "Kaka, hii inaingia BMW zote" ni sentensi ya kukufanya uondoke dukani taratibu.

Kuna wanaopendekeza propela ya mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa Japani, ikiwa na mpira wake. Bei yake huvutia, lakini siiungi mkono kwa tatizo hili. Mpira huzeeka kwa miaka hata gari likiwa limelala, na E85 ya mwisho kabisa ni ya 2008. Unanunua ufa mwingine ambao haujafunguka. Propela ya mtumba ina maana pale tu krosi zako zimekwisha, kwa sababu krosi za propela za BMW hizi zimepigwa na kubanwa kiwandani, hazitoki kwa kipini kama za pikapu, na njia ya kawaida ni kubadilisha propela nzima. Hata hapo, itoe mpira wake na uweke mpya kabla haijapanda.

Wapenda mbio watakutajia mpira wa poliyurethani. Ni mgumu, hauogopi oili sana, na gia huingia kwa mkato zaidi. Lakini ule mshtuko ambao mpira wa kawaida ulikuwa unaumeza sasa unapelekwa kwenye gia boksi, difu na masikio yako. Kwa gari la barabarani linalopita matuta ya Morogoro Road au Thika Road kila siku, sioni anachonunua mtu hapo.

Bajeti ya mpira peke yake haitoshi. Nati na bolti ziwe mpya, maana nati hizi hujifunga zenyewe na zimeumbwa kutumika mara moja. Seti ni dola 15 hadi 30. Ndani ya ncha ya mbele ya propela kuna bushi ndogo inayokaa kwenye ncha ya shafti ya gia boksi ili propela izunguke katikati. Ikilegea, mpira mpya utatetemeka kama wa zamani, na bei yake ni ndogo. Kisha kuna senta beringi, ile inayobeba propela katikati ya gari, kati ya dola 40 na 100 kutegemea kiwanda. Kama gari limeshatembea kilomita laki moja na nusu na beringi haijawahi kuguswa, ibadilishe sasa: nati zake mbili utazifungua hata hivyo. Ila kuivua kunahitaji propela itenganishwe katikati na kifaa cha kuvutia beringi, kwa hiyo hapa anayefanya nyumbani huweza kukwama. Ongeza pakingi na nati za eksozi, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zinapokatika. Gari likitoka sehemu za theluji za Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, nati za eksozi huwa zimeganda. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia kazi.

Je, ufanye mwenyewe? Kama huna vifaa, anza na bei ya vifaa. Stendi nne imara, jeki ya magurudumu, na toki renchi ya kuaminika vinaweza kupita gharama ya mpira mara mbili. Jeki pekee haitoshi, na matofali hayaruhusiwi kabisa, kwa sababu utakuwa umelala chini ya gari ukivuta spana kwa nguvu zote. Z4 iko chini mno. Bila kuinuliwa mbele na nyuma hutapata nafasi ya mkono. Kwenye lifti ni kazi ya asubuhi moja. Sakafuni tenga siku nzima. Mwenye vifaa tayari, au anayekusudia kushika gari lake miaka mingi, atafaidi. Anayetaka kuokoa pesa za kazi hii moja tu hataokoa kitu.

Lakini hata ukimpa fundi, jua kazi inavyokwenda, maana kosa lake hulioni gari likishashuka. Kabla ya kufungua, propela na pande zake zichorwe alama kwa rangi, kwa sababu imesawazishwa ikiwa nzima na inatakiwa irudi mahali pake. Si lazima itolewe yote: bolti tatu za mbele zikifunguka na senta beringi ikiachiwa, propela hukunjika katikati na kuteremka. Ifungwe kwa waya, isining'inie ikaumiza jointi ya nyuma.

Sasa tazama mpira mpya. Pembeni yake kuna mishale midogo, na kila mshale unatakiwa uelekee kwenye mkono wa flenji ambako bolti yake inakazwa. Ukigeuzwa, nyuzi zitavutwa upande ambao hazikutengenezewa, na mpira utakufa mapema bila mtu kujua sababu. Mingine huja na mkanda wa bati umeubana. Mkanda huo hubaki mpaka bolti zote zimekazwa, ndipo hukatwa. Wakati wa kukaza, kichwa cha upande wa mpira hushikwa kisitikisike, na kinachozungushwa ni kile cha upande wa chuma cha flenji. Ukizungusha cha upande wa mpira unausokota na kuuacha na mkazo wa kudumu. Halafu toki: kwa BMW hizi bolti za M10 za daraja la 8.8 huenda takriban Nm 48, na M12 za 10.9 takriban Nm 100, hivyo soma namba iliyopigwa kwenye kichwa cha bolti na uthibitishe kwenye kitabu cha gari. Mwisho, senta beringi husukumwa mbele milimita 4 hadi 6 ndipo nati zake zikazwe. Hatua hiyo hurukwa kuliko zote, na haina gharama hata senti moja.

Ndiyo maana chaguo ninalolipendekeza kwa wengi ni la katikati. Nunua mpira, bolti na bushi mwenyewe, tafuta gereji yenye lifti au shimo na fundi aliyezoea BMW, na mweleweshe mapema kwa heshima: "Fundi, naomba tutumie toki renchi, na mpira wa zamani nitauchukua." Fundi mzuri hatachukia, atakuonyesha mishale kabla hujauliza. Mlipe juu kidogo kuliko wa jirani anayekaza kwa kukadiria. Karakana ya wakala rasmi ina maana ukitaka dhamana ya maandishi au kama tatizo halijulikani bado, lakini kwa mpira ambao umeshaonekana kwa macho umepasuka, sehemu kubwa ya bili ile itakuwa ya jengo.

Baada ya kazi, liendeshe gari mahali panaporuhusu kilomita 80 kwa saa. Mlio wa tok ukiwa umekwisha lakini mtetemo mdogo umebaki, usikubali kuuziwa propela siku hiyo. Rudisha gari juu, legeza nati mbili za senta beringi, pima tena zile milimita 4 hadi 6, hakikisha alama za rangi zimekutana, kisha ujaribu upya.