Omorogi, Mlozi na Mganga: Filamu za Kiswahili Tusizozitazama

Fasihi ya Kiswahili inayofundishwa katika idara zetu imegawanywa tangu zamani katika mafungu mawili, fasihi andishi na fasihi simulizi, na kila fungu lina wataalamu wake na mitihani yake. Filamu haina fungu. Haisomwi kama kitabu, na ijapokuwa imejaa maneno yanayotoka vinywani mwa watu, haihesabiwi pamoja na ngano wala maghani. Kwa hiyo mtu aweza kuhitimu shahada ya Kiswahili bila ya kutajiwa hata filamu moja iliyotengenezwa kwa lugha hiyo. Mwandishi wa makala haya aliiona Arusi ya Mariamu kwa mara ya kwanza ng'ambo, katika maktaba ya chuo, alipokuwa akisomea shahada ya uzamili. Hapa nyumbani hakuwa amewahi kulisikia jina lake.

Madhumuni ya makala haya ni kupendekeza filamu tatu kwa walimu wa lugha, na hasa kwa wale wanaofundisha Kisii na Nyamira. Filamu hizo hazikupigwa Gusii: moja ilipigwa katika Kaunti ya Kilifi na mbili Tanzania. Lakini zote tatu zinagusa, kila moja kwa njia yake, jambo ambalo Gusii imelilipia kwa damu. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto hadi kufa huko Kisii kwa kudaiwa kuwa ni wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai yayo hayo. Kabla ya moto kuwashwa palitangulia neno, na neno ndilo somo letu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Ekegusii, anayeroga ni omorogi, na wingi wake ni abarogi. Mzizi wake ni ule ule wa kitenzi cha Kiswahili kuroga au kuloga. Kiswahili nacho kina jina lililotokana na mzizi huo, mlozi, ingawa bara ya Kenya halisikiki sana kwa kuwa mchawi limechukua nafasi yake. Mabadiliko ya g kuwa z katika mlozi si ya bahati. Lugha za Kibantu zilizopunguza irabu zake kutoka saba hadi tano, Kiswahili ikiwa miongoni mwao, ziligeuza pia konsonanti zilizotangulia irabu ya juu kabisa; ndiyo maana kutokana na kuiba tunapata mwivi na mwizi. Ekegusii kimebaki na irabu saba, kikasalia na omorogi na omoibi. Mwanafunzi wa Kisii anaposikia mlozi hatambui kwamba ni jamaa wa neno la nyanyake.

Upande wa tiba mambo ni kinyume. Hapo Ekegusii hupambanua mahali ambapo Kiswahili cha kila siku huchanganya. Omoragori ni yule anayetafuta chanzo cha msiba. Omonyamariogo ni mwenye dawa. Kiswahili kina mpiga ramli kwa yule wa kwanza, lakini katika mazungumzo ya kawaida wote wawili huitwa mganga. Kiingereza cha kikoloni kilizidisha mchafuko kwa kumwita mganga daktari wa wachawi, kana kwamba wachawi ndio wagonjwa wake. Mchafuko huo si wa kamusi tu. Sheria ya Uchawi iliyotungwa Kenya mwaka 1925 ilimwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na papo hapo ikamwadhibu anayemsingizia mwenziwe uchawi, isipokuwa akimshtaki mbele ya wakuu wa serikali. Msingiziaji na msingiziwa waliwekwa katika waraka mmoja.

Filamu ya kwanza kwa umuhimu, ijapokuwa ndiyo ya mwisho kutengenezwa, ni The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka mwaka 2019. Ni filamu ya hali halisi. Kijana anayeishi mjini anapata habari kwamba nyanya yake, bibi aliyepita miaka tisini, ameitwa mchawi katika Facebook. Anarudi kijijini kuchunguza, na polepole anagundua kwamba nyuma ya shutuma hizo mna ardhi, na kwamba wazee wengine wengi wa pwani wamesingiziwa vivyo hivyo na baadhi yao kuuawa. Kenya iliipeleka filamu hii mwaka 2020 kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa, lakini sidhani kama katika idara zetu kuna wengi walioitazama.

Thamani yake kwa mwanaisimu ni kubwa. Familia ile huzungumza Kiswahili na lugha yao ya Kimijikenda, na hupita kutoka lugha moja hadi nyingine bila ya kubisha hodi. Shutuma haisemwi moja kwa moja. Inazungukwa, inafichwa ndani ya sala, ndani ya maneno ya kupatanisha, ndani ya ukimya. Anayesingizia huepuka kulitamka neno ambalo tayari limeandikwa mbele ya macho ya ulimwengu. Waandishi wa tamthilia wamejaribu mara nyingi kuandika majibizano ya namna hii, na ni wachache waliofaulu. Na yule bibi mwenyewe, tofauti na wazee wa vitabu vya kiada ambao kazi yao ni kutoa methali na kufa, ana ucheshi, ana hasira, na analima.

Msomaji wa Gusii hatahitaji kuelezwa habari ya ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, na vipande vya mashamba hugawanywa kila kizazi. Sisemi kwamba mauaji ya Kisii yana chanzo kimoja na shutuma za Kilifi. Nasema kwamba filamu hii inamfundisha mtazamaji kuuliza swali ambalo umati haukuuliza: ni nani anayesema, na baada ya kusema atapata nini?

Arusi ya Mariamu, ya Ron Mulvihill na Nangayoma Ng'oge (1985), yafaa itazamwe kabla ya hiyo. Ni fupi, dakika 36 tu. Mariamu ni mgonjwa, hospitali haimfai, na mumewe anataka kumpeleka kwa mganga ambaye yeye mwenyewe anamwogopa. Hapa mganga hachekwi wala hatukuzwi kama mwujiza. Anafanya kazi yake. Mwanafunzi aliyezoea kusikia mganga na mchawi vikitamkwa kwa pumzi moja atalazimika kuvitenga. Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na huyo huyo Mulvihill, ni ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ina sehemu zinazolemewa na mafumbo yake. Daktari Mmarekani mweusi anafika katika hospitali ya magonjwa ya akili Tanzania na kumkuta Samehe, mgonjwa aliyeacha kusema. Samehe ni Amandina Lihamba, mwanatamthilia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uigizaji wake peke yake watosha kutetea filamu nzima: anabeba nafasi kubwa bila ya maneno, huku jina lake likiwa ni kitenzi cha kuamrisha.

Kuhusu namna ya kuzifundisha, nina mawili. Filamu hizi huonyeshwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na macho ya wanafunzi huyakimbilia. Yafunikwe kwa karatasi mara ya kwanza, kisha yafunuliwe na yasahihishwe darasani. Kule kusahihisha ni zoezi zuri la tafsiri. Pili, mwalimu wa Kisii akumbuke kwamba katika darasa lake huenda ameketi mjukuu wa aliyeshutumiwa, na pengine mjukuu wa aliyeshutumu. Asiwaombe wasimulie ya kwao. Awaulize juu ya Kilifi, na mengine wakiyataka watayasema wenyewe. Arusi ya Mariamu yaenea katika kipindi kimoja na muda wa maswali ukabaki. The Letter huhitaji karibu saa moja na nusu, na heri isikatwe vipande.