Leza Mirihini: Kulisoma Jiwe kwa Mbali (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kigari cha Curiosity kilivyotua katika kreta ya Gale kwenye sayari ya Mirihi, Agosti 2012. Leo tupande kwenye mlingoti wake, kilipo kifaa kiitwacho ChemCam, kazi ya maabara ya Los Alamos ya Marekani ikishirikiana na wanasayansi wa Toulouse, Ufaransa. Tarehe 19 ya mwezi huo kifaa hicho kililipiga jiwe lililopewa jina la Coronation mapigo 30 ya leza ndani ya sekunde 10.

Aliyezoea filamu za vita vya angani atadhani leza hiyo hupasua miamba. La hasha. Nishati ya pigo moja ni kama ile ya kuinua punje chache za mahindi kutoka sakafuni hadi mezani. Siri iko kwenye ufinyu: nishati hiyo ndogo hubanwa ndani ya sehemu tano za bilioni moja ya sekunde, ikaelekezwa kwenye nukta ya takriban nusu milimita. Kwa muda huo mfupi nguvu yake hupita wati milioni moja. Mahali pale jiwe hugeuka plazma, yaani gesi kali ambayo atomi zake zimenyang'anywa elektroni. Plazma inapopoa, kila elementi hutoa rangi zake yenyewe: kalsiamu zake, chuma zake. Darubini huzinasa rangi hizo hata kutoka mita 7, kisha mkongo mwembamba huupeleka mwanga hadi kwenye spektromita tatu zilizo tumboni mwa kigari.

Mirihi yenyewe husaidia. Hewa yake ina mgandamizo usiofika asilimia moja ya ule wa kwetu, kwa hiyo plazma hutanuka vizuri. Hapa duniani hewa nzito huibana. Hata vumbi, adui wa kila chombo kule, hupeperushwa na mapigo ya mwanzo. Ndiyo maana watafiti huyaweka kando matokeo ya mapigo hayo, wakalisoma jiwe lililo chini yake.

Ubaya wa kifaa kidogo kilicho mbali ni kwamba hakuna fundi wa kukifungua. Novemba 2014 leza ndogo ya kulenga umbali ilikufa, na bila kulenga sawasawa leza kubwa haina maana. Mwaka 2015 wahandisi walituma programu mpya: kifaa kipige picha kadhaa kwa umbali tofauti, kichague iliyo kali zaidi. Kikapona kwa maagizo tu.

Hata hivyo, kujua elementi si kujua jiwe. Makaa na almasi vyote ni kaboni. Hivyo kigari kingine cha Mirihi, Perseverance, kilichotua kreta ya Jezero Februari 2021, kilipewa kifaa cha SuperCam chenye mwanga wa kijani pia, kwa ajili ya mbinu iliyogunduliwa na C. V. Raman nchini India mwaka 1928: molekuli hurudisha sehemu ndogo sana ya mwanga ikiwa imebadilika rangi, na badiliko hilo hueleza atomi zimeunganaje. Mkononi mwa kigari hicho kuna SHERLOC, inayotumia urujuanimno kwa kazi kama hiyo.

Kwa maoni yangu, sehemu inayostahili sifa kuliko leza ni vibao vya kupimia usahihi, maana kipimo kisicho na cha kulinganishwa nacho ni rangi tupu. Miongoni mwa vibao vya SHERLOC kuna kipande cha kimondo kilichookotwa Oman mwaka 1999, chenye asili ya Mirihi. Jiwe hilo limerudishwa kwao kikazi.

Wahindi nao, Agosti 2023, walitumia leza ya aina ya ChemCam kuthibitisha kuwepo kwa salfa karibu na ncha ya kusini ya Mwezi. Kigari chao, Pragyan, kilikuwa na kilo 26 tu, pamoja na leza yake. Wiki ijayo tutaangalia leza zinazopima methani hewani.