Kadi ya Dola 795 na Safari ya Keringet

Tarehe 26 Juni 2025 Faith Kipyegon alikuwa Paris, katika uwanja wa Charléty, akijaribu kuwa mwanamke wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Siku 9 baadaye alikuwa Eugene, jimbo la Oregon, akiivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3:48.68. Ilipofika katikati ya Septemba alikuwa Tokyo, akitwaa taji lake la nne la dunia katika mbio hizo. Binti aliyekulia Ndabibit, Keringet, alishindana katika mabara matatu ndani ya msimu mmoja.

Watu wengi wa mbali hulijua jina la Keringet kwa maji ya chupa. Wenyeji wa Kuresoi Kusini wanaijua kwa majani chai, viazi, maziwa, baridi ya asubuhi na barabara ya Molo. Lakini mji huu mdogo una jambo lingine: watoto wake wanasafiri. Wapo wanaokimbia Ulaya kila kiangazi, wapo waliopata ufadhili wa masomo Marekani kwa ajili ya miguu yao, na wapo waliofuata uuguzi na udereva wa malori huko huko wakabaki. Wanaporudi nyumbani Desemba, baadhi yao huwa na kadi nzito ya chuma mfukoni, ile inayogonga meza ya hoteli kwa sauti yake. Makala ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi riba ya kadi ya mkopo inavyokokotolewa. Hii ya pili inaipima kadi hiyo ya chuma: je, bado inastahili ada yake?

Kwanza, ada yenyewe. Benki ya Chase ilipoanzisha kadi ya Sapphire Reserve mnamo Agosti 2016, ilitoza dola 450 kwa mwaka na kumpa mteja mpya pointi 100,000 baada ya kutumia dola 4,000 katika miezi 3 ya kwanza. Vijana waliigombania. Mwaka 2020 ada ikapanda hadi dola 550. Juni 2025 ikaruka hadi dola 795, yaani zaidi ya shilingi 100,000 za Kenya. Miezi mitatu baadaye American Express nayo ikaipandisha ada ya kadi yake ya Platinum kutoka dola 695 hadi 895. Ukitaka mke au mume naye awe na kadi ya aina hiyo chini ya akaunti yako, ongeza dola 195 kwa kila moja ya kampuni hizo mbili.

Kampuni zinajibu kwamba manufaa yameongezeka kuliko ada, na kwa hesabu ya karatasi zinasema kweli. Kadi ya Platinum inaahidi kurudisha dola 600 za hoteli, dola 400 za migahawa, dola 300 za nguo za mazoezi za lululemon na hata dola 200 za pete ya Oura inayopima usingizi. Tatizo ni namna zinavyotolewa. Dola 300 za lululemon hugawanywa 75 kila robo mwaka. Usipoingia dukani kabla ya robo kuisha, zimepotea. Za migahawa nazo ni 100 kila robo, tena kwenye migahawa iliyoteuliwa tu. Za hoteli ni 300 kila nusu mwaka, kwa hoteli za bei ya juu zinazolipiwa kupitia tovuti ya kampuni yenyewe. Ada hutozwa mara moja kwa fedha taslimu. Manufaa hurudi kwa vipande vya kuponi. Muuguzi wa zamu za usiku huko Minneapolis hana muda wa kuhesabu robo za mwaka kwa ajili ya suruali ya mazoezi.

Tumchukue muuguzi huyo wa kufikirika, mwenyeji wa Keringet, tumfanyie hesabu. Kila mwezi hulipa kwa kadi dola 2,000 za chakula, mafuta ya gari na bili. Mara moja kwa mwaka hununua tiketi ya Nairobi ya dola 1,600. Akiwa na Sapphire Reserve, matumizi ya kawaida humpa pointi 1 kwa kila dola, na tiketi aliyoinunua moja kwa moja kwa shirika la ndege humpa pointi 4. Kadi humrudishia dola 300 za kwanza za safari, nazo hizo hazizai pointi. Basi ana pointi 24,000 za mwaka mzima, na 5,200 za tiketi. Jumla ni 29,200. Tukihesabu kila pointi senti 1 ya dola, hizo ni dola 292. Ongeza 300 alizorudishiwa: 592. Toa ada ya 795. Amepata hasara ya dola 203.

Angechukua kadi isiyo na ada ya mwaka inayorudisha asilimia 2 ya kila manunuzi, matumizi yaleyale ya dola 25,600 yangempa dola 512 mkononi. Kadi za namna hiyo mara nyingi hutoza kama asilimia 3 zinapotumika nje ya Marekani, kwa hiyo akitumia dola 1,000 akiwa likizo Kenya, 30 zinaondoka. Bado yuko mbali mbele. Na hata kama muuguzi wetu ni fundi wa pointi, anayejua kuzihamishia shirika la ndege na kupata thamani ya senti 2 kwa kila moja, kadi ya chuma itamwachia faida ya dola 89 tu.

Wapo watu ambao kadi ya chuma inawafaa. Mtu anayeruka kila mwezi, analala hotelini kwa kazi na kula mkahawani na wateja atazila kuponi zote bila kujilazimisha. Meneja wa wanariadha ni mfano mzuri. Kwa mwingine yeyote, mwaka wa kwanza wenye pointi za kumkaribisha mteja unaweza kulipa. Mwaka wa pili ndio wa kuchunguzwa. Kati ya kadi za ada kubwa, iliyo rahisi kuitetea ni Venture X ya Capital One: ada dola 395, inarudisha dola 300 za safari zilizolipiwa kwenye tovuti yake, na kila mwaka inatoa pointi 10,000 ambazo hununua safari ya dola 100. Nayo lakini imeanza kubana: tangu Februari 2026 kuingia na mgeni kwenye kumbi za mapumziko za viwanja vya ndege si bure tena kama zamani.

Fedha zote hizi zinatoka wapi? Hapa ndipo penye somo, na mtu wa Keringet ana nafasi nzuri ya kulielewa kwa sababu anaishi upande wa pili wa mfumo huo. Duka la Marekani linapopokea malipo ya kadi ya daraja la juu, hukatwa kati ya asilimia 2 na 3. Sehemu kubwa huenda kwa benki iliyotoa kadi, na benki humega kidogo ikamrudishia mteja kama pointi. Mwenye duka naye hupandisha bei. Kwa maneno mengine, anayelipa kwa noti anamchangia tiketi mwenye kadi ya chuma.

Duka la pembejeo la Keringet linalopokea Lipa na M-Pesa hukatwa asilimia 0.55. Katika mfuko wa mbolea wa shilingi 2,500, hiyo ni kama shilingi 14. Kutoka shilingi 14 hutoi ukumbi wenye viti vya ngozi. Ulaya ililiona hilo pia: Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa ada ya benki katika kadi za mkopo, Desemba 2015, zawadi nono za kadi zilinyauka karibu kila nchi mwanachama. Marekani kwenyewe, sheria iliyobana ada za kadi za debiti mwaka 2011 ilizimaliza kwa sehemu kubwa pointi za kadi hizo. Pointi hufuata ada ya mwenye duka kama ndama anavyomfuata mamaye.

Mashirika ya ndege nayo yamegundua kwamba kuuza maili kunalipa kuliko kuuza viti. American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili Mei 1981 ili kuwashika wateja. Leo Delta hupokea kutoka American Express zaidi ya dola bilioni 7 kwa mwaka. Mwaka 2020, korona ilipozizuia ndege kuruka, United iliweka mpango wake wa maili rehani ikakopa mabilioni ya dola. Anayechapisha sarafu na kupanga bei za vitu vinavyonunuliwa kwa sarafu hiyo hana sababu ya kulinda thamani yake.

Kaunti hii ya Nakuru ina ushahidi wake wa hilo. Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilizaliwa Nakuru kama duka la magodoro, na jina lake ni kifupi cha magodoro hayo ya Nakuru. Kwa miaka mingi akina mama wa mjini walikusanya pointi kwenye kadi ya Nakumatt wakingojea Krismasi. Kampuni ikazama kwenye madeni, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Rafu zilikuwa zimebaki tupu kitambo, na pointi zikawa hazina pa kutumika. Kampuni ya simu ya Safaricom, iliyoanza mpango wa Bonga mwaka 2007 kwa pointi 1 kwa kila shilingi 10 za matumizi, haikufilisika. Lakini mwaka 2022 ilitangaza kwamba pointi zilizozidi miaka 3 zitafutwa, wateja wakapiga kelele hadi ikarudi nyuma.

Kadi za Marekani zinafanya jambo hilohilo bila kelele. Hadi Juni 2025, pointi 100,000 za Sapphire Reserve zilinunua safari ya dola 1,500 kwenye tovuti ya Chase. Chini ya utaratibu mpya, pointi zinazochumwa tangu Oktoba 26 mwaka huo zina uhakika wa dola 1,000 tu, isipokuwa kwa safari ambazo benki yenyewe imechagua kuzipa nyongeza. American Express nayo, tangu Septemba 2025, inatoa maili 800 tu za Emirates kwa kila pointi 1,000, ilhali zamani zilikuwa sawa kwa sawa. Anayepanga kurudi nyumbani kupitia Dubai amepoteza moja ya tano ya akiba yake bila kutumia hata pointi moja.

Watetezi wa kadi hizi wana hoja moja nzito: bima. Sapphire Reserve hulipa hadi dola 500 kwa tiketi, za chakula na malazi, safari inapochelewa zaidi ya saa 6. Kwa njia ya Nairobi hilo si jambo la kubeza. Marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022, na wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta wakaweka zana chini tarehe 11 Septemba 2024 wakipinga mpango wa kuukodisha uwanja huo kwa kampuni ya Adani. Lakini masharti ya bima hiyo huondoa kikwazo kilichotangazwa hadharani kabla ya msafiri kuondoka, na migomo ya Kenya mara nyingi hutanguliwa na ilani. Soma maandishi madogo.

Kuna pia matumizi ambayo kadi haifai. Sokoni Keringet, kwa bodaboda, kwa muuza viazi, malipo ni M-Pesa au noti. Kumtumia mama pesa kupitia kampuni za kutuma fedha kwa kadi ya mkopo, benki nyingi hulihesabu kama kukopa taslimu: hakuna pointi, kuna ada, na riba huanza siku hiyohiyo. Na kwa kuwa wastani wa riba za kadi Marekani umepita asilimia 20 kwa mwaka, anayebakiza deni mwezi hadi mwezi hana haja ya kusoma hesabu zote zilizotangulia. Hakuna pointi zinazoifikia riba hiyo. Kwenye hoteli ya Nakuru mjini inayopokea kadi, mashine ikiuliza dola au shilingi, chagua shilingi, maana kubadilisha kunakofanywa na mashine hiyo huwa ghali zaidi.

Wanariadha wenyewe wanasahau mlango ulio wazi. Maili za ndege ni za abiria aliyeandikwa kwenye tiketi, hata kama aliyelipa ni mwandaaji wa mbio. Kijana anayekwenda kukimbia Ulaya anaweza kujiandikisha bure kwenye mpango wa shirika analosafiri nalo, akampa namba hiyo anayemkatia tiketi, na akaanza kuhesabiwa bila kuwa na kadi yoyote. Mashirika mengi sasa yanahesabu bei ya tiketi badala ya umbali, kwa hiyo tiketi ya bei nafuu huleta maili chache. Hata hivyo kujiandikisha hakumgharimu chochote.

Kwa mwenye kadi ya chuma anayesafiri nyumbani mara moja kwa mwaka, basi, hukumu ni kuiachia. Asiifunge kwa hasira. Azitumie au azihamishe pointi zake kwanza, kisha aipigie benki simu ndani ya siku 30 baada ya ada ya mwaka kuonekana kwenye taarifa ya akaunti, muda ambao Chase na American Express hurudisha ada hiyo. Mteja wa Chase aombe kuhamishiwa kadi ya chini isiyo na ada, ili umri wa akaunti yake usipotee. Sehemu ya tatu itageukia kadi za mkopo zinazotolewa na benki za hapa Kenya, na jinsi ya kusoma jedwali la ada zao kabla ya kutia sahihi.