Subaru yako na joto la Mombasa: poza kwanza, nguvu baadaye

Mwezi haupiti bila kijana kuniletea Subaru yake gerejini pamoja na orodha ya vitu anavyotaka vifungwe chini ya boneti. Mara nyingi orodha hiyo imetoka kwenye video za Uingereza au Australia, na kitu cha kwanza karibu kila mara ni kile kinachopiga kelele. Simkatazi mtu. Gari ni lake na pesa ni zake, ingawa wakati mwingine pesa ni za mamake. Lakini orodha ile huwa naipanga upya, na leo nataka nieleze sababu, maana wanaouliza ni wengi na injini zinazofunguliwa kabla ya wakati nazo ni nyingi.

Mapenzi yenyewe yana asili yake. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akashinda ya mwaka 2000 kwa Impreza pia. Watoto waliotazama magari yale ya samawati yakipasua vumbi leo ni wazazi, na watoto wao wananunua Impreza na Forester zinazoteremshwa hapa hapa bandarini. Nyingi ya zile za tabo ninazozifungua zina injini ya EJ20: lita 2, pistoni nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, zikienda na kurudi kama watu wanaorushiana ngumi. Injini hiyo ilitoka mwaka 1989 na ikaingia kwenye Impreza WRX ya 1992 ikiwa na nguvu za farasi 240. Tayari ni nyingi hizo kwa barabara ya kwenda Mtwapa.

Sasa tabo yenyewe. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo, zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na jingine upande wa pili, ambalo huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huungua, na nguvu huongezeka. Ubaya ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto. Yeyote aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyochoma vidole kule chini. Hewa yetu ya digrii 32, ikishindiliwa hadi shinikizo lake liwe maradufu, hutoka kwenye tabo ikiwa imevuka digrii 100.

Hewa ya moto ina madhara mawili. Kwanza ni nyepesi, kwa hivyo nguvu uliyoitafuta inapungua. Pili, na hili ndilo linaloua, mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu kuanzia kwenye cheche ya plagi. Sisi mafundi tunasema injini inagonga. Kugonga huko ni nyundo inayopiga kichwa cha pistoni. Kompyuta ya gari ina sensa ya kusikiliza mgongo huo, na ikiusikia huchelewesha cheche ili kuokoa injini. Ndiyo maana gari huwa zito mchana wa jua kali na jepesi alfajiri.

Kazi ya kupoza hewa hiyo ni ya intakula. Kwenye Subaru nyingi za tabo, intakula imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likienda, upepo huingia tunduni na kupita katikati ya mapezi yake. Lakini simama kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, mwezi wa Februari, kaskazi imepoa na hakuna hata jani linalotikisika. Hapo intakula ni sahani iliyowekwa juu ya jiko. Joto la injini lote linapanda kwake. Ukishuka ng'ambo na kukanyaga mafuta mpaka chini, hewa inayopita humo haipozwi, inaongezwa moto. Wajapani wenyewe walilijua jambo hili. Matoleo ya STI yalikuja na tangi la maji na vipulizi vya kuinyunyizia intakula, na huko kwao kuna majira ya baridi. Sisi je?

Kwa hivyo naanza na vitu ambavyo hakuna atakayevipiga picha. Kati ya tundu la boneti na intakula kuna sponji inayoelekeza upepo. Kwenye magari mengi yanayokuja kwangu imeoza au haipo kabisa, na upepo unapita pembeni bila kufanya kazi. Kuirudisha ni kazi ndogo sana. Mapezi ya intakula nayo hujaa vumbi na chumvi ya bahari, na wale wanaoishi karibu na ufuo wanaijua chumvi inavyokula aluminiamu. Yaoshwe kwa maji ya taratibu, si ya presha inayoyapinda. Mipira inayopitisha hewa kutoka kwenye tabo hukauka na klempu zake hulegea. Hewa inayovuja hapo tabo itaifidia kwa kuzunguka zaidi, na kuzunguka zaidi ni joto zaidi.

Halafu maji. Hapa huwa nagombana na watu. Rejeta ya Subaru ni ya aluminiamu, na kichwa cha injini pia. Maji ya kisima cha Kisauni au Likoni yana chumvi, na ukiyajaza humo unaipikia injini yako kutu polepole mpaka gasketi ya kichwa ianze kuvuja. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Kifuniko cha rejeta nacho si kizibo tu. Kinashikilia presha inayofanya maji yasichemke kwa digrii 100. Kikichoka, badilisha. Rejeta nene ya aluminiamu tupu badala ya ile yenye vichwa vya plastiki ni katika vitu vichache vya kununua ambavyo namsifu mtu akinunua kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya kuongeza hata nguvu moja, uliza pia mkanda wa taimingi umebadilishwa lini. Wanasema kilomita 100,000, lakini mita ya gari lililotoka ng'ambo siiamini peke yake. Mkanda ukikatika kwenye injini hizi, vali hukutana na pistoni, na hapo mazungumzo ya tabo yamekwisha. Kwenye baadhi ya modeli kuna pia vichujio vidogo ndani ya boliti za paipu ya oili inayokwenda kwenye tabo. Oili chafu huviziba, tabo inakaa bila oili, na mhimili wake unakwangua. Tabo mpya ikifungwa bila kuangalia hapo, nayo itakufa vilevile.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo tuzungumzie intakula kubwa. Vijana wanataka ile ya mbele, nyuma ya bampa, kwa sababu inaonekana. Inapoza vizuri kweli, hasa kwenye foleni. Lakini paipu zake ni ndefu kwa hivyo tabo huchelewa kuitika, inakaa mbele ya rejeta na kuinyima upepo, na mara nyingi lazima chuma cha bampa kikatwe. Kwa gari la kutembelea mjini mimi napendelea intakula ya pale pale juu, yenye kiini kinene zaidi, pamoja na blanketi la tabo na kitambaa cha kufungia paipu za ekzosi. Moshi unaofika kwenye tabo ukikanyaga sana unaweza kufika digrii 800 na zaidi. Joto hilo likizuiliwa pale pale, kila kitu chini ya boneti kinapumua.

Wako wanaoinua boneti nyuma kwa kutia washa kwenye bawaba ili joto litoke. Gari likisimama, kweli linatoka. Likikimbia, shinikizo la upepo mbele ya kioo ni kubwa, kwa hivyo hewa huingia badala ya kutoka. Sijaona faida.

Kopo la kunasia mvuke wa oili, hilo naliunga mkono. Mvuke unaotoka ndani ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa. Mvuke huo hupaka intakula mafuta ndani na kuishusha nguvu petroli katika kuzuia kugonga. Ila kopo liwe na vichujio ndani. Mengi yanayouzwa ni mikebe mitupu iliyopakwa rangi nyekundu.

Sasa kelele. Vali inayotema hewa nje kwa mlio wa "psshh" kila ukiachia mafuta haiongezi nguvu hata kidogo. Subaru nyingi hupima hewa kwa sensa iliyo kabla ya tabo. Kompyuta imeshaihesabu hewa ile na kuipangia petroli yake. Wewe ukiitema nje, petroli inabaki bila hewa, mchanganyiko unazidi utajiri, plagi zinashika masizi na moshi mweusi unatoka. Vali ya kiwandani huirudisha hewa ndani kimyakimya. Eakilina ya wazi, ile ya koni, nayo ikikaa bila sanduku inavuta hewa ya moto ya chini ya boneti, ilhali sanduku la zamani lilikuwa likivuta hewa ya nje. Na ile ngurumo ya Subaru inayopendwa, inatokana na paipu za ekzosi zisizolingana urefu. Mtu akifunga paipu zinazolingana, injini inapumua vizuri zaidi lakini ngurumo inapotea. Nimeshaombwa na wateja niwarudishie zile za zamani.

La mwisho ni kompyuta yenyewe. Magari haya yaliratibiwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haipungui oktani 96. Ramani ya kompyuta iliyopakuliwa kutoka kwa mtu wa nchi ya baridi, mwenye petroli yake, haijui joto letu wala pampu zetu. Anayeitiuni awe na kipimo cha mchanganyiko kwenye ekzosi. Tabo ikisukuma kwa nguvu zote tunataka takriban sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli, si zile 14.7 za mwendo wa kawaida. Ikizidi hewa hapo, kingo za pistoni zinazoshikilia ringi huvunjika, na gharama yake mara nyingi ni injini nzima. Iambie na kampuni ya bima kuwa gari limebadilishwa, kabla ajali haijawaambia.

Kazi hiyo isifanywe usiku kwa sababu ya baridi na barabara tupu. Ifanywe mchana, gari likiwa limesimama na kupata joto lake, kisha baada ya kilomita mia chache zifunguliwe plagi. Rangi ya hudhurungi nyepesi inaniridhisha. Nikiona vidoadoa vidogo vya kung'aa kama fedha kwenye kauri ya plagi, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, na gari haliondoki gerejini siku hiyo.