Gesti zimejaa wapangaji, mgonjwa na ndugu yake walale wapi?

Arusha. Barua ya rufaa huandikwa jina la mgonjwa, maradhi yake na hospitali anayotakiwa kwenda. Haisemi ndugu anayemsindikiza atalala wapi, wala mgonjwa mwenyewe atalala wapi akiruhusiwa leo na kuambiwa arudi keshokutwa kubadilishwa bandeji.

Kwa familia zinazotoka Loliondo, Longido, Simanjiro au Kiteto kuja kutibiwa Arusha, swali hilo huamua mengi. Vyumba vya katikati ya jiji vinagombaniwa na watalii na wajumbe wa mikutano, hivyo mwenye fedha kidogo husogea pembeni, kwenye mitaa ya makazi kama Lemara, upande wa Njiro, ambako anatarajia kupata gesti ya bei nafuu.

Gesti zipo. Tatizo ni kwamba baadhi ya vyumba vyake si vya wageni tena. Ndani kuna jiko la gesi, ndoo za maji, nguo zimetundikwa ukutani, na mtu anayelipa kwa mwezi. Mhudumu wa mapokezi anaposema "tumejaa" hadanganyi, hata kama usiku huo madirisha kadhaa hayana taa. Mwenye chumba ni dereva wa watalii, yuko Serengeti kwa wiki nzima, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Gesti inavyogeuka nyumba ya kupanga

Chanzo kikubwa ni kodi. Wenye nyumba wengi mijini hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali naye hudai chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Mtu aliyepata kibarua cha miezi minne hawezi kutoa fedha zote hizo, kisha aanze kununua kitanda, godoro na pazia. Anakwenda gesti, anapatana bei ya mwezi, anaingia na begi lake.

Watu wa namna hiyo hawakosekani Arusha. Wapo wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro, vijana wa mafunzo kwa vitendo, madereva na wapishi wa safari za kitalii. Miradi mikubwa, kama ujenzi wa uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000 katika kata ya Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, nayo huleta mafundi wanaohitaji pa kulala kwa miezi mingi.

Jiji hili limeyaona hayo kabla. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Novemba 1994, iliendesha kazi zake Arusha hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015. Kwa takriban miaka 20 watumishi na mawakili wake walihitaji nyumba na vyumba. Arusha iliyozoea mgeni wa usiku mmoja ikajifunza faida ya mgeni anayekaa.

Kwa mwenye gesti, hesabu ni nyepesi. Tuseme chumba ni Sh20,000 kwa usiku. Msimu wa masika watalii wakipungua, huenda kikapata wageni 12 tu kwa mwezi mzima, yaani Sh240,000, na shuka zimefuliwa mara 12. Akitokea mtu wa kulipa Sh250,000 kwa mwezi, anayejifulia shuka na kufagia mwenyewe, nani atamkataa? Msimu wa watalii ukirudi kuanzia Juni, mpangaji yule bado yumo, na si rahisi kumwambia atoke.

Mpangaji naye ana mgonjwa

Ni rahisi kumlaumu mpangaji wa mwezi kwamba ameziba nafasi ya msafiri. Lakini katika mji wenye hospitali kama Mount Meru na ALMC, baadhi ya wanaokaa gesti muda mrefu ni watu waliokuja kwa siku mbili na ugonjwa ukawazuia.

Mfupa wa mguu wa chini uliovunjika kwa mtu mzima huweza kuchukua miezi mitatu hadi minne, wakati mwingine zaidi, kabla haujaunga sawasawa. Dawa za kifua kikuu cha kawaida humezwa kwa miezi sita. Mtoto aliyeungua huhitaji kusafishwa vidonda mara kwa mara na pengine kurudi chumba cha upasuaji. Mtoto njiti huwaweka wazazi karibu na wodi kwa wiki nyingi. Bima ikiwepo hulipia matibabu. Chumba cha ndugu kinabaki juu ya familia.

Zamani jibu lilikuwa kufikia kwa ndugu, na hadi leo wengi hufanya hivyo. Lakini Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgonjwa hawezi kushika jembe, na ndugu wa mjini huenda naye ana chumba na sebule, watoto wanne na mama mkwe. Baada ya wiki ya pili hakuna anayesema neno, lakini kila mtu anajua.

Kitanda kikikosekana, tiba hukatika

Mtu asiye na pa kulala huomba kuruhusiwa mapema. Hurudi nyumbani na kidonda kibichi, safari ya saa nyingi kwenye vumbi, akiahidi kurudi kliniki. Nauli ikikosekana, harudi. Mwingine hukesha kwenye benchi la hospitali au kituo cha basi, na asubuhi ndiye anayetegemewa kusikiliza maelekezo ya daktari na kukumbuka dawa ipi ni ya saa ngapi.

Ndugu huyu naye ana mwili. Wasindikizaji wengi ni akina mama na bibi, baadhi wana shinikizo la damu au kisukari, na dawa zao wamezisahau nyumbani kwa haraka ya safari. Akianguka yeye, familia ina wagonjwa wawili.

Kwa mjamzito anayeishi mbali na aliyeambiwa ana dalili za hatari, kulala karibu na hospitali ni sehemu ya matibabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza nyumba za akina mama kusubiria uzazi karibu na vituo vya afya, hasa kwa wanaoishi maeneo yasiyofikika kwa urahisi. Pasipo nyumba hiyo, chumba cha gesti ndicho kinachofanya kazi yake.

Kabla ya kupanda basi

Utafutaji wa chumba uanze siku barua ya rufaa inapotoka. Jambo la kwanza ni kumuuliza daktari au muuguzi anayekuandikia barua makadirio ya siku: za kulazwa, na za kurudi kliniki baada ya kuruhusiwa. Familia nyingi huuliza gharama za upasuaji na kusahau siku za baada yake.

Ukipiga simu gesti, usiulize tu kama kuna chumba. Sema: nahitaji chumba kwa siku tano mfululizo kuanzia Jumanne, mgonjwa hawezi kupanda ngazi, je, mtanihamisha katikati? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama unapewa chumba, au unapewa nafasi ya mpangaji aliyesafiri na atakayerudi Alhamisi.

Uliza pia ni vyumba vingapi hukodishwa kwa usiku na vingapi kwa mwezi. Gesti yenye wapangaji wengi huwa na nafasi zaidi mwisho wa mwezi na siku za mwanzo wa mwezi, wakati baadhi wanapohama, na vyuo vinapofunga. Kama tarehe ya kliniki inaweza kusogezwa kwa siku mbili tatu bila madhara, muulize daktari.

Fika mchana. Wageni wengi hutakiwa kutoka saa nne asubuhi, hivyo kati ya saa tano na saa nane ndipo vyumba vinapojulikana kuwa wazi. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baadhi ya familia hushuka alfajiri. Kwa mgonjwa hizo ni saa kadhaa za kukaa kwenye baridi. Ukiweza, chagua basi linalokufikisha mchana.

Usitume fedha za siku zote kwa mtu wa simu usiyemjua. Kama kuna ndugu au jirani wa zamani anayeishi Lemara, Themi au Njiro, mwombe aende kukiona chumba kwanza. Ukilazimika kutuma, tuma ya usiku mmoja, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la biashara au mtu uliyeambiwa, na udai risiti.

Usipopata, usitoke hospitali kimyakimya. Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kazi yake ni pamoja na kusaidia wagonjwa wasio na uwezo, na mara nyingi ndiye anayejua hosteli za makanisa, misikiti au watu wanaopokea wagonjwa.

Kagua kabla ya kulipa

Chumba kizuri kwa msafiri mzima huenda kisimfae mgonjwa. Aliyefanyiwa upasuaji wa mguu au nyonga hataweza choo cha kuchuchumaa. Choo kiwe karibu, sakafu isiteleze, na taa ya korido iwake usiku. Mwenye kidonda anahitaji maji ya kutosha na mahali pa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumhudumia.

Fungua dirisha. Chumba kisichopitisha hewa hakimfai mtu anayekohoa wala wale watakaolala naye. Anayeanza dawa za kifua kikuu amweleze muuguzi kwamba analala gesti, ili ashauriwe jinsi ya kuwalinda wengine. Tazama pia kona za godoro kwa kunguni, na kama chandarua kipo na hakina matundu.

Kwa mwenye kisukari, insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji friji. Iliyoanza kutumika kwa kawaida hukaa nje takriban wiki nne, mahali pa baridi pasipopigwa na jua. Mfamasia atakuelekeza kwa aina unayotumia.

Jambo moja halina mjadala. Kati ya Juni na Agosti Arusha huwa na baridi kali usiku, na kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa chumbani ni kikubwa, hasa kwa mwenye mtoto mchanga. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mtu hulala asiamke. Omba blanketi la pili au chupa ya maji ya moto. Jiko libaki nje.

Usafiri nao upangwe. Vifodi vya asubuhi hujaa, na bodaboda si ya mtu mwenye mshono mpya. Patana na dereva mmoja wa bajaji kwa siku zote za kliniki; bei hupungua, na anajua mlango wa kuingilia.

Wenye gesti na mtaa

Mvutano huu kati ya anayekaa na anayepita si wa Arusha peke yake. Marekani, kambi nyingi za misitu ya taifa zimeweka kikomo, mara nyingi siku 14, ili eneo la kupumzikia wasafiri lisigeuke makazi ya wachache. Kwenye maegesho binafsi ya magari-nyumba, ambako familia zilizoshindwa kodi huishi kwa miaka, msafiri huweza kuzunguka hadi usiku bila kupata nafasi.

Kikomo kama hicho kingewaumiza wapangaji wa Lemara, wakiwamo wenye wagonjwa. Lakini mwenye gesti anaweza kufanya jambo dogo: kuacha vyumba viwili vya chini visivyopangishwa kwa mwezi, na kuwapa namba yake ya simu maafisa ustawi wa hospitali. Wagonjwa huja masika na kiangazi, kwa hiyo vyumba hivyo havitakosa mtu msimu wa watalii ukipita.

Dawa ya kudumu ni nyumba za wagonjwa na ndugu zao. Mwaka 1974 huko Philadelphia, Marekani, ilifunguliwa nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald kwa wazazi wenye watoto hospitalini, na wazo hilo likasambaa duniani. Arusha yenyewe ina mfano wake: The Plaster House, iliyoanza mwaka 2008, hupokea watoto kabla na baada ya upasuaji wa mifupa, vidonda vya moto na ulemavu mwingine, wakiwamo waliopinda miguu kwa sababu ya madini ya floraidi kwenye maji. Mtoto hukaa hapo hadi apone, badala ya kurudishwa kijijini na plasta mguuni.

Nyumba hiyo ni ya watoto. Kwa baba aliyevunjika paja au bibi anayesubiri vipimo, bado hutegemewa chumba cha gesti na moyo wa mwenye gesti. Vikoba na vikundi vya kufa na kuzikana huchanga haraka msiba unapotokea. Vikichanga mapema fedha ya siku tano za chumba, huenda mchango ule mwingine usihitajike.