Kabla ya Kubadili Chungu: Maswali ya Kuiuliza Elimu ya Lishe



Familia nyingi za pwani zilizoweka makazi Nairobi hufika Hurlingham mara kwa mara: huyu kumwona daktari, yule kununua dawa, mwingine kutafuta mahitaji ya nyumbani kando ya Barabara ya Argwings Kodhek. Siku hizi, pamoja na cheti cha dawa, wengi hurudi na ushauri wa chakula: acheni wali mweupe, acheni mahamri, punguzeni tui, kuleni vyakula asilia visivyokobolewa. Ushauri huo una heri ndani yake. Hata hivyo, mwenye jiko, ambaye ndiye atakayebadili chungu, ana haki ya kuuliza umetoka wapi na una uzito gani. Dini yetu imetufunza kuihakiki habari kabla ya kuifuata, na habari ya chakula haikuvuliwa katika hukumu hiyo.

Hukumu mbili, nchi jirani

Elimu ya lishe si mgeni kwetu; sehemu ya historia yake imeandikwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1931 John Gilks, aliyeongoza idara ya tiba ya Kenya, na John Boyd Orr wa Scotland walichapisha utafiti uliolinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na kunde. Wanaume wa Kimaasai walionekana kuwazidi wenzao kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Watafiti wakaona kwamba chakula cha mimea peke yake kina upungufu, na maziwa yakasifiwa sana.

Miaka zaidi ya arobaini baadaye ikaja hukumu nyingine. Madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell, waliofanya kazi miaka mingi Uganda, walisema kwamba wanakijiji wa Kiafrika waliokula nafaka nzima, mizizi na kunde hawakuugua kwa wingi kisukari, kufunga choo wala saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyokuwa yameenea Ulaya. Burkitt aliieleza rai hiyo mwaka 1974 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na tangu hapo nyuzinyuzi za chakula zikawa gumzo la dunia.

Basi chakula kile kile cha mimea kililaumiwa na hawa, kikasifiwa na wale. Hakuna aliyesema uongo. Gilks na Orr walilinganisha watu waliotofautiana katika mengi mbali na chakula: nasaba, ardhi, kazi na maradhi. Burkitt na Trowell nao waliwalinganisha wanakijiji na Wazungu waliotofautiana nao katika kazi, umri wa kuishi na mengi mengine. Kila upande uliona sehemu ya jambo.

Rai hupimwa kwa miaka

Rai ya nyuzinyuzi ilipopimwa, haikupita moja kwa moja. Mwaka 1999 utafiti uliofuatilia wauguzi wa kike zaidi ya 88,000 nchini Marekani haukuona kwamba nyuzinyuzi ziliwakinga na saratani ya utumbo mpana. Lakini mwaka 2019 jarida la Lancet lilitoa mapitio ya tafiti 185 za ufuatiliaji na majaribio 58 ya tiba. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walipungukiwa na hatari ya maradhi ya moyo, kisukari na saratani hiyo, na manufaa yalidhihirika zaidi kwa gramu 25 hadi 29 kwa siku. Burkitt alikaribia ukweli, ila uthibitisho ulichukua takriban miaka 45.

Mwaka huo huo wa 2019 Kevin Hall na wenzake, Marekani, waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula asilia, na kila mmoja aliachiwa ale ashibe. Kwa vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Huo ni ushahidi mzuri, lakini ni wa watu 20 na wa mwezi mmoja.

Lipo pia swali la fedha. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba taasisi ya wafanyabiashara wa sukari wa Marekani iliwalipa wanasayansi wa Harvard waandike mapitio, yaliyochapishwa mwaka 1967, ambayo yaliyatupia mafuta lawama ya maradhi ya moyo na kuipunguzia sukari.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba utafiti umethibitisha, muulize mambo manne: waliopimwa ni akina nani, walilinganishwa na nini, kwa muda gani, na nani alilipa?

Unachokiacha nacho kina thamani

Swali la tano ni letu wenyewe: tukiacha hiki, tunapoteza nini? Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda watie vitamini na madini katika unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa, yakiwamo madini ya chuma na asidi ya foliki. Asidi hiyo, mwanamke akiipata kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo, humpunguzia mtoto hatari ya kuzaliwa na kasoro ya uti wa mgongo. Anayehamia mahindi ya kusagisha kinuni huacha kinga hiyo. Basi aongeze kunde na mboga za majani, na vidonge vya kliniki asiviache. Vivyo hivyo, anayeacha chumvi ya dukani iliyotiwa ayodini, akanunua chumvi ya rangi isiyotiwa kitu, huinyima tezi ya shingo haki yake.

Wala neno asilia si dhamana ya usalama. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki kwa sumu ya kuvu iliyoota katika mahindi, mengi yao yaliyolimwa na kuhifadhiwa nyumbani. Nafaka ikiwa na unyevu au ukungu, itupwe.

Kuhusu nazi, majaribio yanaonyesha kwamba mafuta yake huongeza kolesteroli mbaya kuliko mafuta mengine ya mimea. Lakini yaliyopimwa humo ni mafuta yaliyokamuliwa, si tui jepesi la mbaazi. Mwenye maradhi ya moyo apunguze. Mwenye afya asitishwe.

Rai yetu ni kwamba ushauri wa vyakula asilia ufuatwe, kwa hatua na kwa macho mawili. Mbaazi, kunde, mchicha, samaki na wimbi ni vyakula vya bibi zetu. Havihitaji kuagizwa kwa bei ghali. Anayetumia dawa za kisukari, au dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari wake kwanza, kwani chakula kikibadilika huenda na kipimo cha dawa kikahitaji kubadilika.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na njema, na siha ya kuila kwa shukurani.